Kuku mkongwe anapougua: Mambo ya kuzingatia kabla ya kukimbilia dawa

KUKU wa kienyeji aliyetaga na kuangua kwa miaka minne au mitano ni mali ya aina yake bomani. Ndiye ajuaye kulea vifaranga bila kuwakanyaga, na mara nyingi ndiye mama wa nusu ya kuku wanaochakura uani. Anapoonekana asubuhi moja amejikunyata pembeni, manyoya yamemsimama na macho kayafumba, wenye nyumba hugawanyika. Mmoja hutaka achinjwe kabla hajafa, mwingine hukimbilia agroveti kununua dawa yoyote ya unga, na wa tatu huanza kutwanga pilipili na shubiri.

Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu zaidi ya kuku milioni 25 wa kienyeji nchini Kenya. Wengi hufugwa wachache wachache, na ada ya daktari wa mifugo pamoja na nauli yake huweza kuipita bei ya kuku mwenyewe. Hivyo basi, kumtibu kuku nyumbani si ukaidi wa mfugaji. Kosa huwa katika mpangilio: dawa hutangulia, uchunguzi hufuata, na kumtenga mgonjwa hukumbukwa wakati wenzake wameanza kudondoka.

Kumtenga ndilo jambo la kwanza, hata kabla ya kujua anaugua nini. Kikapu kikubwa, boksi la katoni lililotobolewa matundu au banda dogo lenye nyasi kavu litatosha, mradi liwe mbali na wengine na lisipigwe na upepo. Vyombo vyake vya maji na chakula visichanganywe na vya wenzake, na anayemhudumia aanze na kuku wazima, amalizie kwa mgonjwa, kisha anawe mikono kwa sabuni. Wahenga waliponena kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni huenda hawakuwa wakiwazia maradhi, lakini kamba hiyo ingemfaa mgonjwa pia.

Sababu ya tahadhari hii ni kideri, ugonjwa ambao wafugaji wengi huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926. Husababishwa na virusi na hauna tiba. Kuku huhara kinyesi cha kijani, huhema kwa taabu, hulegeza mabawa na pengine hupinda shingo. Unapoingia kwa kuku wasiochanjwa, unaweza kuwamaliza karibu wote kwa siku chache. Shubiri haiutibu, pilipili haiutibu, wala antibiotiki haiutibu. Kinga ni chanjo, ambayo hupewa kuku wazima, si waliokwisha kuugua, na kwa kawaida hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwa hivyo, ikiwa kuku wawili watatu wameugua au kufa katika juma moja, suala si la kuku mkongwe tena. Ofisi ya mifugo iliyo karibu yapasa kujulishwa mara moja.

Akiwa anaugua peke yake huku wenzake wakichakura kama kawaida, hapo uzee wenyewe huanza kushukiwa, na kazi ya macho na vidole huanza.

Mfugaji amshike jioni, ampapase kifuani. Mfupa wa kidari ukichomoza kama makali ya kisu, kuku huyo amekuwa akikonda kwa muda mrefu, hata kama manyoya yalikuwa yakiuficha unyonge wake. Undu, ile nyama nyekundu ya utosini, ukipauka, huenda damu imepungua kwa sababu ya minyoo, au utitiri na papasi ambao hujificha katika nyufa za banda mchana na kunyonya usiku. Kurunzi itawafichua. Wakionekana, kumtibu kuku na kuliacha banda lilivyo ni kazi bure.

Kisha apapase gole, yaani mfuko ulio chini ya shingo ambamo chakula hukaa kabla ya kuteremka kwenye firigisi. Jioni huwa limejaa. Alfajiri, kabla ya kula, linapaswa kuwa tupu. Likikutwa asubuhi gumu kama mpira, limeziba, aghalabu kwa nyasi ndefu, kamba au vipande vya plastiki, balaa ya viunga vya miji yetu. Matone machache ya mafuta ya kupikia na maji vuguvugu, kisha kulikanda taratibu mara kadhaa kwa siku, huweza kulifungua. Likiwa laini kama puto la maji na mdomo unanuka uchachu, chakula kimechacha ndani. Anyimwe nafaka kwa siku nzima, aachiwe maji. Baadhi ya watu humning'iniza kichwa chini ili atapike. Hiyo ni hatari, kwani majimaji hayo huingia mapafuni na kumuua papo hapo.

Tatizo jingine la kuku aliyetaga kwa miaka mingi ni yai kukwama. Husimama wima kama mtu aliyebeba mzigo, mkia ukiwa chini, akijikamua bila kutoa kitu. Na kidole kikipita chini ya tumbo huweza kuligusa yai lenyewe. Akalishwe katika beseni la maji vuguvugu, yasiyochoma ngozi ya mkono, kwa muda wa dakika 15 hadi 20, mwili wa nyuma ukiwa ndani ya maji. Baadaye akaushwe vyema, apakwe mafuta ya kupikia kwenye tundu la kutagia, na awekwe mahali pa giza penye joto. Zoezi hilo laweza kurudiwa baada ya saa chache. Yai lisivutwe wala kuvunjwa ndani, kwa maana vigae vya ganda hukata na kuleta usaha. Siku nzima ikipita bila yai kutoka, msaada wa daktari wahitajika. Akipona, apewe maganda ya mayai yaliyokaangwa makavu na kusagwa, au chokaa ya mifugo, kwani upungufu wa kalisi ni chanzo kimojawapo.

Tumbo lililovimba pole pole na kujaa maji ni habari nyingine. Mara nyingi humaanisha kuwa mayai yanadondokea ndani badala ya kupita njia yake, au kuna uvimbe. Kuku ni miongoni mwa wanyama wachache wanaopata saratani ya ovari kiasili, tena kwa wingi wanapozeeka, kiasi cha watafiti wa saratani hiyo kwa wanawake kuwatumia katika uchunguzi wao. Hapo nyumbani hakuna tiba. Kumpunguzia mateso ndiyo huruma iliyobaki.

Miguu isisahaulike. Magamba yaliyoinuka na kukakamaa huletwa na utitiri mdogo sana. Kupaka mafuta mazito ya kujipaka kila baada ya siku chache huuziba pumzi. Kidonda cheusi chini ya wayo kioshwe kwa maji vuguvugu ya chumvi na kupakwa ayodini.

Isitoshe, si kila kuku aliyezubaa ni mgonjwa. Anayenyonyoka manyoya huacha kutaga na kupooza kwa majuma kadhaa. Anayetaka kuatamia naye hujitunisha na kula kwa nadra, ila mkono ukimkaribia hutoa makelele ambayo mgonjwa hana nguvu nazo.

Kwa mgonjwa yeyote, joto na maji hutangulia chakula. Joto la mwili wa kuku ni takriban nyuzi 41 hivi, na asiyekula hulipoteza upesi; chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa itamsaidia usiku. Maji yawe na sukari kijiko kidogo kimoja na chumvi ya kushikwa kwa ncha za vidole viwili katika lita moja, kwa siku moja au mbili tu. Asiyeweza kunywa adondoshewe pembeni mwa mdomo, tone kwa tone. Tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi, na wengi wamewazamisha kuku wao kwa kijiko wakidhani wanawaokoa. Ugali laini au yai lililochemshwa na kupondwa humrudishia hamu.

Ama kuhusu antibiotiki, desturi ya kufungua vidonge vya binadamu na kuvimimina katika maji haina budi kukomeshwa. Hazitibu virusi, wala minyoo, wala yai lililokwama, na matumizi ya ovyo huzalisha vijidudu sugu ambavyo kesho havitasikia dawa hospitalini. Zikitolewa na mtaalamu, siku zilizoandikwa kwenye pakiti za kutokula mayai na nyama ziheshimiwe, hata mgeni akibisha hodi. Kuku aliyedhoofika kwa ugonjwa usiojulikana asichinjwe kwa kitoweo wala kupelekwa sokoni. Akifa, afukiwe mahali mbwa hawawezi kufukua, au achomwe.

Akipata nafuu, akae pekee hadi majuma mawili yatimie. Kurudi kwake nako kuna taratibu, maana kuku wana ngazi zao za ukubwa na aliyetoweka hupokewa kwa midomo. Ni vyema aonane na wenzake kwa siku chache kupitia wavu, kisha awekwe kitagoni usiku wakiwa wamelala, ili kukicha wamkute yupo.