Matangazo ya Dominika: Asili Yake na Kazi Yake

Kila Dominika mwaona jambo lile lile. Sala baada ya Komunyo imekwisha, padri ameketi, nasi makatekista twasimama na karatasi mkononi. Hapo hapo mama mmoja anamfunga mtoto mgongoni, mzee anatafuta fimbo yake chini ya benchi, vijana wa nyuma wamekwisha kufika mlangoni. Twasoma mpaka mwisho, twakunja karatasi, twadhani kazi imekwisha.

Sisi wenyewe tulidhani hivyo mpaka siku tuliyofundishwa kwa uchungu. Katika chapeli moja upande wa Kabambare tulitangaza kwamba padri atafika Jumatatu kuungamisha na kuwapaka wagonjwa mafuta matakatifu. Padri akafika Jumatatu kweli, akafanya kazi yake, Jumanne asubuhi akapanda pikipiki kwenda chapeli nyingine. Jumatano tukaona watu wanne wanakuja na mzee wao juu ya kipoyi, wametoka ng'ambo ya mto tangu alfajiri. Wakauliza, "Mwalimu, padri yuko wapi? Si ulisema siku ya tatu?" Hatukuwa na jibu. Tulikaa na mzee, tukasali naye sala za wanaokaribia kufa, na Alhamisi akafariki.

Watu wale hawakuwa wavivu wala viziwi. Walisikia "tatu", wakaishika. Mjini Kasongo neno Jumatatu halina shida, maana Kiswahili kiliota mizizi kule tangu siku za Tippu Tip na Waungwana wake, miaka ya 1870, na jirani zetu Waislamu husema Alhamisi na Ijumaa kila siku. Hesabu hiyo yaanzia Jumamosi, siku inayofuata Ijumaa, ndiyo sababu Jumatatu ni ya tatu. Lakini vijijini wengi huhesabu siku za kazi: siku ya kwanza ni ile inayofuata Dominika, na siku ya tatu ni Jumatano. Tena katika Kilatini cha Kanisa siku hiyo hiyo ya Jumatatu huitwa feria secunda, yaani ya pili, kwa kuwa Dominika ndiyo ya kwanza. Siku moja, hesabu tatu! Nasi tulisoma seminarini, tulizijua zote tatu, wala hatukufikiri.

Tangu hapo tukaanza kuuliza: Je, hapo kale Kanisa lilitangazaje mambo yake?

Kumbe kutangaza ni kazi ya zamani sana. Baada ya Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, Askofu wa Aleksandria alipeleka barua kila mwaka kuwajulisha Wakristu wa Misri tarehe ya Pasaka na mwanzo wa mfungo. Barua zile zilikuwa matangazo hasa, na hazikudharauliwa. Katika barua ya mwaka 367 Mtakatifu Atanasi aliandika pia orodha ya vitabu vya Maandiko Matakatifu, na humo vyaonekana vitabu 27 vya Agano Jipya, vile vile tulivyo navyo leo. Tangazo la tarehe lilibeba mzigo mkubwa namna hiyo!

Huko Roma, Papa Leo Mkuu, aliyeongoza Kanisa tangu mwaka 440 hata 461, alikuwa mhubiri hodari. Lakini alipohubiri juu ya mfungo wa majira, alimalizia kwa maneno machache tu: Jumatano na Ijumaa tufunge, Jumamosi tukeshe kwa Mtakatifu Petro. Siku, kazi, mahali. Mtu wa sokoni aliweza kutoka nayo kichwani. Twakiri kwamba sisi, tusio na hekima ya Leo, twahitaji karatasi mbili.

Lakini tangazo zito kupita yote ni lile la ndoa. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, ulikataza ndoa za siri, ukaagiza mapadri watangaze kanisani majina ya wanaotaka kuoana, na kuweka muda ili mwenye kujua kizuizi aseme. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ukaongeza kwamba yatangazwe mara tatu, katika sikukuu tatu zinazofuatana, wakati wa Misa. Kwa nini mara tatu? Maana anayejua kizuizi huenda hayupo Dominika ya kwanza. Yuko shambani, au yuko njiani, au anauguza. Mababa wa Mtaguso hawakuridhika kwamba neno limesemwa. Walitaka limfikie yule mmoja mwenye kujua. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 imewaachia Maaskofu wa kila nchi kupanga namna ya matangazo hayo, lakini shabaha ni ile ile. Na katika nchi yetu, ambamo mwanaume aweza kuwa na mke Kabambare na kutafuta mwingine Kasongo, twaona wazi kwamba tangazo lililosomwa kwa sauti ya puani laweza kumponza binti wa watu.

Tusidhani hata hivyo kwamba habari hizi zilikuja na wazungu peke yao. Wazee wetu walitangaza kabla hawajasikia kengele. Katika misitu hii ya Kongo walikuwa na ngoma ya mti, isiyo na ngozi, iliyochongwa ndani kupitia ufa mrefu mgongoni, yenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Bwana John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti aliyekaa Yakusu, karibu na Kisangani, alijifunza ngoma za Walokele, akatoa kitabu juu yake mwaka 1949. Alieleza kwamba ngoma haisemi herufi. Yafuata kupanda na kushuka kwa sauti ya maneno. Basi maneno mengi yafanana katika ngoma. Mpigaji afanye nini? Halitupi neno tupu. Kila neno hulipa sifa yake ndefu, hata lisiweze kuchanganywa na lingine. Kwanza hupiga mwito ili watu wanyamaze, humtaja anayeitwa, kisha hutoa habari na kuirudia.

Tuliposoma hayo tuliona haya kidogo. Mpigaji ngoma asiyejua kusoma alijua kwamba neno "tatu" peke yake halitoshi.

Wakati wa Misa ya Kilatini matangazo yalitolewa pamoja na mahubiri, baada ya Injili. Kwa kitabu cha Misa kilichotumika tangu mwaka 1970, mahali pake ni baada ya sala ya Komunyo, kabla ya baraka, na Kanisa ladai yawe mafupi. Wengine hunung'unika kwamba saa hiyo watu wamechoka. Sisi twaona ni saa nzuri, maana mtu hutoka mlangoni na neno lingali mdomoni, mradi yawe mafupi kweli.

Nchi yetu imeona pia siku ambazo mdomo wa kanisa ulihitajika sana. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristu, na mwaka 1974 ikaondoa Noeli katika sikukuu za taifa. Siku isiyo na alama katika kalenda ya serikali yashikwa na watu kwa kuambiana tu.

Kisha mwaka 1988 Roma ilikubali Kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati ule. Humo mna mhudumu aitwaye mtangazaji. Yeye huita watu kwa kengele au ngoma, huwajulisha adhimisho la siku, huwaamsha wasikilize. Kazi yake si kusoma habari za mikutano na michango. Hata hivyo twafurahi kwamba Kanisa limempa mtu wa namna hiyo mahali karibu na altare, kama mzee wa ngoma alivyokuwa na mahali pake karibu na mkubwa wa kijiji.

Siku hizi chapelini kwetu twaanza kwa kuitaja jumuiya inayohusika, nao husimama. Ndipo twasema: "Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi, yaani kesho." Twarudia kwa Kibangubangu. Halafu twamwomba mtu mmoja atuambie alichosikia. Dominika iliyopita tulimwomba bibi mmoja wa benchi la mbele. Akasema yote sawasawa, ila akatuuliza padri atakuja kabla ya jua kali au baada. Hatukuandika saa. Ikabidi tumwulize padri mwenyewe mbele ya watu wote, naye akacheka, akasema saa mbili asubuhi.