Safu ya Lugha: Andakoti haitoi kutu

Kwenye gereji za Mugutha, mwenye lori akiona chesi imebadilika rangi humwambia fundi, “Nipigie andakoti utoe kutu.” Kauli hiyo ina kosa, na kosa lenyewe hula chuma. Neno andakoti tumelitoa kwenye Kiingereza, maana yake koti la chini. Kwa wapaka rangi ni ile rangi inayotangulia ya mwisho. Kwa mafundi wa magari ni ule mchanganyiko mweusi, wa lami au raba, unaopulizwa chini ya gari. Kotekote, andakoti hufunika. Haitoi kitu. Ukiipuliza juu ya kutu, unafungia unyevu ndani na chuma kinazidi kuliwa usipoona.

Kutoa kutu kuna vitenzi vyake: kukwangua magamba, kisha kusugua kwa brashi ya waya au msasa hadi chuma king'ae. Hapo hupakwa praima. Andakoti ya gari huja mwisho. Kuzuia ni kazi nyingine. Tazama lori la mawe kutoka machimbo ya Ndarugo msimu wa mvua: udongo mwekundu hujibana kwenye kona za chesi, ukabaki mbichi hata barabara ikikauka. Kuuosha kwa maji ya presha ndiko kuzuia.

Tena tusichanganye kushika kutu na kuoza. Chesi iliyoshika kutu hukwanguliwa. Iliyooza, bisibisi ikigusa huzama, na hiyo ni ya kukatwa na kuchomelewa.