Kisangani–Ubundu: reli iliyorudi kuwa njia ya miguu

Mtu akiuliza juu ya desturi za watu wa Kisangani na Ubundu, upesi watamwonyesha mitego ya Wagenya pale kwenye maporomoko, kisha watamwambia juu ya ngoma na ndoa. Ni sawa. Lakini kuna desturi nyingine ambayo haijaandikwa sana, juu ya watu wanaona si kitu: kufuata reli kwa miguu. Toka Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, mpaka Ubundu ni kilometa 125. Njia hii ilianza kuwa ya miguu, ikawa ya treni, ikarudi tena kuwa ya miguu. Ndugu msomaji, katika safari hiyo yote ya kwenda na kurudi kuna kipande kikubwa cha historia yetu.

Chanzo ni mto wenyewe. Mashua zinazopanda kutoka Kinshasa zinafika Kisangani na hapo zinakwama. Mbele yake kuna maporomoko saba ya Boyoma, yaliyopangana kwa urefu wa karibu kilometa 100, na maji yanashuka hapo kama meta 60 kwa jumla. Juu ya poromoko la saba ndipo Ubundu, na kutoka hapo mto unapitika tena mpaka Kindu. Kwa hiyo, kila aliyetaka kupita sharti ashuke, abebe mzigo kichwani, atembee. Mwezi wa kwanza wa 1877, Stanley na Wangwana wake wa Zanzibar walivuta mitumbwi yao kando ya maji hayo, poromoko moja baada ya lingine, huku wenyeji wakiwapiga vita. Nyuma yao wakaja watu wa Tippu Tip kutoka Nyangwe na Kasongo, wakitafuta pembe na watumwa. Mwaka 1887 Leopold wa Pili alimfanya Tippu Tip huyo kuwa gavana wake wa maporomoko. Kiswahili tunachoandika hapa kilishuka nao, na walioeneza lugha hii kijiji kwa kijiji ni wapagazi hasa. Sisi tunapenda kutaja wakubwa. Wenye kubeba hatuwataji.

Mwaka 1902 tajiri mmoja wa Ubeleji, Édouard Empain, alianzisha kampuni ya reli ya Kongo ya juu mpaka Maziwa Makuu, ile iliyoitwa CFL. Serikali ya Leopold iliipa haki juu ya hektari milioni 4 za ardhi. Ardhi ya nani? Ya Walengola, ya Wamituku, ya Wakumu, na ya wengine wengi ambao hakuna aliyewauliza. Kazi ilianza 1903, na mwaka 1906 treni ilifika Ponthierville, ndilo jina walilokuwa wamelipa Ubundu kwa kumkumbuka askari wao Ponthier, aliyekufa 1893 katika vita na Waarabu. Miti ilikatwa kwa shoka, udongo ulibebwa kwa vikapu. Wengi waliofanya kazi hiyo hawakuiomba, waliandikwa kwa nguvu.

Reli hii ilikuwa kipande kimoja tu cha mnyororo mrefu. Kindu–Kongolo ilifuata karibu na 1911, kilometa 355, na Kabalo mpaka ziwa Tanganika, pale Kalemie ya leo, mwaka 1915, kilometa 273. Katikati ya vipande hivyo msafiri alipanda mashua. Hebu fikiri: kutoka Kisangani treni, Ubundu mashua, Kindu treni, Kongolo mashua, Kabalo treni, halafu ziwa, halafu reli ya Kigoma mpaka Dar es Salaam. Kila mahali mzigo unashushwa na kupakiwa upya. Ndiyo sababu kazi ya bega haikukwisha na treni. Ilihama tu, ikatoka njiani ikaingia kwenye bandari na stasioni, na kando ya stasioni hizo vikakua vijiji vya watu waliotoka kila upande, wakielewana kwa Kiswahili na Kilingala.

Hata watu wa sinema walipita huku. Mwaka 1951 John Huston alileta Katharine Hepburn na Humphrey Bogart kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu, kupiga picha za filamu The African Queen. Hadithi ya filamu ile ni ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mto unaoonekana ni wetu.

Juu ya nini treni ilidhoofika? Wengi wanajibu kwa neno moja: vita. Mimi naona ugonjwa ulianza mbele ya vita. Mwaka 1955 reli nyingine za CFL zilipanuliwa kufikia milimeta 1067, ili zilingane na zile za Katanga. Ya Ubundu ilibaki na meta yake moja, peke yake kama yatima. Mashini ikiharibika hapa, ya Kindu haiwezi kuja kusaidia, maana magurudumu hayakai. Mwaka 1974 kampuni zote zikaunganishwa kuwa moja ya taifa, SNCZ, na makao yake Lubumbashi, mbali sana. Pori letu halingoji barua ya Lubumbashi. Msimu mmoja bila kufyeka, majani yanafunika mataruma.

Kisha ukaja mwaka 1997, na hapa sharti tuandike polepole. Makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda, waliokimbia kutoka makambi ya Kivu, walivuka mto Ubundu wakafuata reli kuelekea Kisangani. Walikuwa wamekwisha kutembea mamia ya kilometa, na wengi walikuwa watoto. Walisimama mahali panapojulikana kwa hesabu ya reli: Obilo kilometa 82, Biaro kilometa 41, Kasese kilometa 25. Mwezi wa nne, kambi za Kasese na Biaro zilishambuliwa na watu wengi sana wakauawa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2010 imeandika hayo. Tarehe 4 ya mwezi wa tano, treni iliyowaleta walionusurika mjini ilijazwa kupita kiasi, na watu 91 walikufa ndani yake kwa kubanwa na kukosa hewa. Wakati wa kupita kilometa hizo, mtu anapita juu ya makaburi yasiyo na alama. Shirika letu la utamaduni lingefanya vema kuweka hata jiwe moja.

Katika vita vya 1998 mpaka 2003, mto kwenda Kinshasa ulipofungwa, mji wa Kisangani ulilishwa na kinga. Vijana wa toleka, na wengine wa vijijini, walisukuma mafuta ya ngazi, mchele, mihogo na nyama ya pori kwa siku nyingi, kinga moja imebeba mzigo wa watu watatu. Mwenye kusukuma hapandi. Naye anatembea, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya kiti. Adabu ya njia inajulikana: mwenye mzigo anaachiwa njia, mtupu ndiye anayeingia majanini. Ukimkuta aliyeanguka, unamwinua kwanza, habari baadaye. Ni adabu ileile ya wapagazi.

Ubeleji nako, nchi ya Empain, reli nyingi zimekufa. Mwaka 1995 serikali ya Wallonia iliamua kuzigeuza kuwa njia za waenda kwa miguu na kinga, wakaziita RAVeL. Moja yao, Vennbahn, inapita Ujerumani, Ubeleji na Luksemburgi, na urefu wake ni karibu kilometa 125, sawa na yetu. Kule vyuma viling'olewa, lami ikawekwa, mtu anatembea Jumapili kwa kupumzika, jioni anarudi nyumbani kwa gari. Huku vyuma viko palepale na hakuna mtu anayetembea kwa kupumzika. Kwa hiyo wanaosema tuige RAVeL, siungi mkono. Mama wa Biaro mwenye kikapu cha mihogo haombi njia nzuri ya kutembelea, anaomba treni.

Mpaka ifike, mwendo ni uleule. Mtu wa Ubundu anaondoka kabla ya jua, analala njiani kwa ndugu au kwa mtu atakayekuwa ndugu, na akifika Lubunga bado hajamaliza: mji uko ng'ambo. Anashusha mzigo, anapatana bei na mwenye mtumbwi, kisha anavuka.