Maarifa ya Kufundishia Somo kwa Teknolojia

Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani, walichapisha makala iliyoeneza miongoni mwa wakufunzi wa ualimu istilahi inayojulikana leo kwa kifupisho cha TPACK. Ukiifasiri neno kwa neno utapata "maarifa ya kiteknolojia, kipedagojia na kimaudhui". Tafsiri hiyo siikubali. Inapanga vitu vitatu safu moja, kana kwamba mwalimu anaweza kujifunza kimoja leo na kingine mwakani, ilhali istilahi ilibuniwa kutaja kitu kimoja.

Chimbuko lake ni Lee Shulman, ambaye mwaka 1986 alieleza kwamba kuijua hisabati na kujua mbinu za kufundisha kwa jumla havitoshi kumfanya mtu mwalimu wa hisabati. Yapo maarifa mengine ya mwalimu mwenyewe: mfano upi unafungua mada, na wanafunzi hujikwaa wapi. Mishra na Koehler wakaongeza teknolojia hapo.

Chukua mada ya sehemu. Muulize mtoto ipi kubwa, 1/4 au 1/8, na mara nyingi atachagua 1/8, maana amezoea kwamba 8 inazidi 4. Anayejua hesabu tu atamsahihisha na kuendelea. Mwalimu anayezungumziwa na Shulman anajua kosa limetoka wapi, kwa hiyo atakata chapati moja vipande vinne na nyingine vipande vinane. Sasa mpe mwalimu huyo kishikwambi chenye programu inayogawanya mstatili. Anapandisha asili, yaani namba ya chini, kutoka 2 hadi 3, hadi 4, hadi 8, na kila mara kabla ya kugusa anauliza: kipande kitakua au kitapungua? Watoto wanabishana, wanatoa sababu, ndipo skrini inajibu. Kisha anaruka hadi 50, hadi 100, mahali ambapo hakuna kisu cha kufikisha chapati. Teknolojia imeigusa mada pale penyewe palipo pagumu. Kishikwambi hichohicho kikitumiwa kuonyesha ukurasa wa kitabu wenye maana ya sehemu, mwalimu atakuwa amekitumia vizuri, lakini mtoto atabaki na 1/8 yake.

Mchoro wa TPACK una maduara matatu yanayoingiliana, na nje yake duara la nne la nukta: muktadha. Hilo husahaulika upesi, nami naliona muhimu sana kwetu. Katika darasa lililofurika, lenye simu moja ya mwalimu, kuamua kwamba leo karatasi ya kukunja inafaa kuliko skrini ni sehemu ya maarifa hayahaya.

Ndiyo maana napendekeza "maarifa ya kufundishia somo kwa teknolojia". Walimu tayari wanasema "zana za kufundishia na kujifunzia", na kinyambuo hicho cha kutendea kinabeba kazi kubwa: kama kalamu ya kuandikia na jiko la kupikia, maarifa yenyewe yanakuwa chombo. "Somo" linakaa katikati, haliwezi kudondoshwa. Neno "TEHAMA" peke yake halilitaji somo lolote, wala "umahiri wa kidijitali", au "umilisi wa kidijitali" kama wangesema Kenya.

Vifaa vimeshaanza kufika. Kenya ilianza mwaka 2016 kuwapelekea watoto wa darasa la kwanza, na Tanzania iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022. Mafunzo yakiongozwa na istilahi isiyotaja somo, yataishia kwenye kuwasha, kuhifadhi faili na kuunganisha projekta. Hayo ni ya lazima na yanafundishika kwa siku chache. Kazi ndefu ni kumketisha mwalimu wa jiografia na wenzake wa jiografia, wa Kiswahili na wenzake wa Kiswahili, na kuwauliza kwanza: katika mada zenu, ni ipi wanafunzi huikosea kila mwaka, na hukosea vipi?