Mashimo ya Tanda na Michezo ya Shimoni

Swali dogo la mwanafunzi huweza kumtoa mwalimu jasho kuliko mtihani mzima. Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili hapa Kampala alinijia baada ya kipindi, simu mkononi, akanionyesha mchezo aupendao. Shujaa mwenye upanga anashuka katika vyumba vya giza chini ya ngome, anapigana na mazimwi, anakusanya funguo na dhahabu, kisha anatafuta ngazi ya kumpeleka chini zaidi. Akaniuliza, "Mwalimu, mahali hapa huitwaje kwa Kiswahili?" Nikamjibu upesi kuwa ni gereza. Akatikisa kichwa, akasema kuwa humo hamna wafungwa. Nikasema ni pango. Akasema kuwa pango halina milango. Nikasema basi ni shimo. Hapo akacheka kwa adabu, akaondoka, nami nikabaki na deni.

Makala haya yanakusudia kulilipa deni hilo. Kwanza yataeleza asili ya michezo ya namna hiyo. Kisha yataonyesha kwamba jambo linalochezwa ndani yake si geni katika nchi zetu. Mwisho yatawauliza walimu wenzangu swali moja linaloihusu kazi yetu.

Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Mchezo huo haukuwa na mashine wala kioo. Watu waliketi kuizunguka meza, mmoja akasimulia hatari zilizomo katika majumba ya chini ya ardhi, wengine wakaeleza kwa mdomo watakalolitenda, na dadu zikaamua kama wamefaulu au wameangamia. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana tutalirudia: chimbuko la michezo ya shimoni ni usimulizi.

Katika miaka hiyo hiyo majumba ya michezo ya mashine yalikuwa yakienea Marekani na Ujapani. Mashine yenyewe ilikuwa kama kabati refu, lenye kioo cha televisheni, kishikio cha kumwongoza mchezaji na vifungo vya kupigia, na chini yake tundu la kutumbukizia sarafu. Mwaka 1984 kampuni ya Namco ya Ujapani ilitoa The Tower of Druaga, mchezo uliotungwa na Masanobu Endo. Jina la shujaa wake, Gil, limetokana na Gilgamesh, mfalme wa hadithi za kale za nchi ambayo leo ni Iraki. Shujaa huyo anapanda mnara wenye ghorofa 60 ili amwokoe kuhani wa kike aitwaye Ki. Katika ghorofa nyingi limefichwa kasha la hazina, na kila kasha lina sharti lake la kulifunua, sharti ambalo halikuandikwa popote. Mchezaji mmoja peke yake asingeweza kuyagundua yote. Kwa hiyo wachezaji wa Ujapani wakawa wakiambizana siri na kuziandika katika madaftari yaliyowekwa kando ya mashine, ili ajaye asianze upya pale mwenzake alipokwisha kufika.

Mwaka uliofuata, 1985, kampuni ya Atari Games ya Marekani ilitoa Gauntlet, na jina la mtungaji wake mkuu ni Ed Logg. Mashine hii ilikuwa pana, maana iliwachukua wachezaji wanne kwa wakati mmoja, wamesimama bega kwa bega. Mmoja alikuwa askari wa shoka, wa pili mwanamke mpiganaji, wa tatu mchawi, wa nne mpiga mishale. Maadui walitoka wengi wengi katika matundu yao, na mchezaji aliyeua maadui bila kuyavunja matundu alijichosha bure. Tena uhai wa kila mchezaji ulihesabiwa kwa tarakimu, na tarakimu hiyo ilipungua kila sekunde hata kama hakuguswa na adui. Chakula kilichookotwa njiani kiliuongeza, lakini chakula kilikuwa haba, na wenzi waligombana nani ale. Chakula kilipokosekana, palikuwa na njia nyingine moja: kutumbukiza sarafu.

Michezo mingi ilifuata nyayo hizo. Sega ya Ujapani ilitoa Golden Axe mwaka 1989, na kampuni ya Capcom ilitoa michezo miwili iliyotumia jina lenyewe la Dungeons & Dragons, mmoja mwaka 1993 na wa pili mwaka 1996. Leo mashine za kabati zimekuwa adimu, lakini watoto na wajukuu wa michezo hiyo wamo katika simu za wanafunzi wetu.

Watu wa Kampala waliokuwapo mwaka 1985 watauliza, na wana haki, kwamba mambo hayo yanatuhusu nini. Mwezi wa Julai mwaka huo serikali ya Milton Obote ilipinduliwa. Kufikia mwezi wa Oktoba, mashine za Gauntlet zilipoanza kuwekwa madukani huko Marekani, majeshi yalikuwa yakigombea nchi yetu, na mazungumzo ya amani yalikuwa yakifanyika Nairobi. Sisi hatukuwa na sarafu za kuchezea. Hata hivyo, katika mchezo ule kuna adui mmoja ambaye Mganda angemtambua mara moja. Jina lake ni Kifo. Mishale na mashoka ya kawaida hayamwui. Akikugusa hunyonya uhai wako, na dawa yake ni uganga tu.

Huyo Kifo anayekaa chini ya ardhi tunaye sisi tangu kale. Kwa Luganda huitwa Walumbe, na mahali pake pa kujificha ni Tanda, upande wa Mityana, magharibi ya Kampala. Masimulizi yake yanajulikana na kila mtoto aliyelelewa Buganda, na John Roscoe aliyaingiza katika kitabu chake juu ya Baganda kilichotolewa mwaka 1911. Nambi, binti Ggulu, aliolewa na Kintu. Baba yake akawaonya washuke duniani upesi wala wasirudi nyuma, wasije wakafuatwa na Walumbe, nduguye Nambi. Njiani ikakumbukwa kwamba ulezi wa kuku umesahauliwa. Nambi akarudi kuuchukua, na Walumbe akamfuata. Baadaye Walumbe alidai apewe mtoto wa kumsaidia kazi, akanyimwa, na hapo watoto wa Kintu wakaanza kufa.

Ggulu akamtuma mwanawe mwingine, Kayikuzi, aje amkamate ndugu yake. Walumbe akakimbilia ardhini. Kayikuzi akachimba, Walumbe akatokea kwingine. Akachimba tena, akatokea kwingine tena. Mwishowe Kayikuzi akawaagiza watu wakae ndani na chakula chao, na yeyote atakayemwona Walumbe akitoka asipige kelele. Lakini watoto waliotoka kuchunga mbuzi walimwona, wakapiga ukelele, naye Walumbe akarudi chini. Kayikuzi akachoka, akarejea mbinguni. Mashimo yanayosemwa kuwa ndiyo aliyoyachimba yapo Tanda hata leo, ya kina kirefu, na watu huenda kuyazuru.

Pwani nako hawakukosa habari kama hizi. Katika hadithi ya Sultani Majinuni, ambayo Edward Steere aliikusanya Unguja na kuichapisha katika kitabu chake cha hadithi za Waswahili mwaka 1870, paka wa sultani anakua mpaka anakuwa nunda mla watu. Mtoto mdogo wa sultani anaondoka kumtafuta. Anaua mbwa, anamleta kwa mama yake, anaambiwa kuwa siye. Anaua punda milia, siye. Anaua twiga, kisha kifaru, kisha tembo, na kila mara siye, mpaka siku anapomkuta nunda mwenyewe. Mchezaji wa mashine atautambua mpango huu bila kufundishwa: adui mdogo kwanza, mkubwa zaidi baadaye, na yule wa kutisha kuliko wote mwisho wa safari.

Sisemi kwamba Wajapani au Wamarekani walichukua habari zao kwetu. Nasema kwamba kushuka gizani kukabiliana na mauti ni jambo la binadamu wote, na kila taifa limelipamba kwa nguo zake. Tofauti ipo, nayo ni bei ya uhai. Katika mashine uhai hununuliwa. Mwenye sarafu nyingi hufufuka mara nyingi, na mashine haimwambii kamwe kuwa imetosha, kwa sababu mwenye mashine hapati faida kwa mchezaji aliyeridhika. Huko Tanda hakuna tundu la sarafu. Kazi ya Kayikuzi iliharibiwa na sauti ya watoto walioogopa, basi, na hapakuwa na kurudia. Kintu hakupewa ushindi. Alichobaki nacho ni kuzaa, ili Walumbe aue lakini asiwamalize watu. Hadithi ya kale inamfundisha mtoto kuishi na jambo lisiloshindika, na mashine inamfundisha kujaribu tena. Mafunzo yote mawili yana faida yake, lakini mtoto aliyepata moja tu amepunjwa.

Sasa nifike kwenye swali langu kwa walimu wenzangu. Kwa nini nilikosa neno la kumpa yule kijana? Kiswahili si maskini. Tuna shimo, pango na handaki. Tuna kuzimu, neno linalotoka katika mzizi mmoja na mzimu. Tuna zimwi na jini, hazina na kasha, sihiri na kago. Nilichokosa ni mazoea ya kuyatumia maneno hayo katika furaha. Hapa Uganda Kiswahili hakikuingia kwa njia ya michezo. Kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya amri katika jeshi na polisi, tangu siku za King's African Rifles. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na katika utawala wake, uliokwisha mwaka 1979, raia wengi wa Kampala walikisikia kinywani mwa askari aliyeshika bunduki. Ndani ya Lubiri, kasri la Kabaka huko Mengo, kuna vyumba vya giza ndani ya kilima ambamo watu walifungwa na kuuawa katika enzi hiyo, na leo wageni huonyeshwa vyumba hivyo. Mtu mzima wa mji huu aliyepoteza ndugu zake wakati ule hahitaji kuelezwa maana ya gereza la chini ya ardhi. Hofu yake juu ya lugha ilitoka mahali pa kweli, nasi tusiidharau.

Hata hivyo mambo yamebadilika. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 serikali iliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini sheria huweza kuiingiza lugha darasani tu. Kuipeleka uwanjani na nyumbani ni kazi ya watoto wenyewe, nao huipeleka kwa kucheza. Tuangalie bao. Mchezaji wa pwani ana nyumba, kichwa na kimbi, ana namua na mtaji, ana kutakasa. Hakufundishwa maneno hayo kwa ubao na chaki, aliyapata akiwa ameinama juu ya mashimo 32 na kete 64. Mweso wetu wa Buganda una hesabu hiyo hiyo ya mashimo na kete. Kwa hiyo mtoto wa Kampala na mtoto wa Unguja walikwisha kuwa jirani kwa mchezo kabla ya kuwa jirani kwa mtaala.

Basi napendekeza jambo rahisi. Mwanafunzi aletaye mchezo wa shimoni asifukuzwe, bali aambiwe asimulie: ameshuka ngazi ngapi, amekutana na nani, amekula nini, nani alimsaliti, amefia wapi. Wenzake wamsikilize na kumuuliza. Kwa kufanya hivyo tutakuwa tumeurudisha mchezo katika asili yake, yaani watu kuketi pamoja na mmoja kusimulia, na tutakuwa tumefanya kazi ya yale madaftari ya Ujapani. Baada ya hapo mwalimu naye asimulie habari za Tanda na za nunda, kisha aulize ni nini kilichofanana na ni nini kilichotofautiana. Somo la fasihi, la msamiati na la historia yatakuwa yamefundishwa kwa kipindi kimoja.

Yule kijana nimemjibu sasa. Nimemwambia kuwa mahali pale paitwe shimoni, bila aibu, maana katika lugha yetu shimo si tundu tupu. Kuna shimo la bao, kuna shimo la mgodi, na kuna shimo la Walumbe. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama Tanda ni mbali. Nikamwambia kuwa si mbali, gari hufika na kurudi siku hiyo hiyo. Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Kazi yetu walimu ni kuhakikisha kwamba mtoto wa Kampala, anapocheza kwa Kiswahili, anajiona yuko kwao.