Lady Alice na Mabaharia Waungwana: Mashua Iliyosafiri Mabegani



Wanafunzi wetu wa madrasa hapa Rusizi walituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake papo hapo. Walikuwa wameona picha ya mashua ndogo ya tanga ikivutwa nyuma ya gari, mlingoti wake umelazwa na kufungwa kamba, ikipelekwa ziwani. Wakauliza: je, huku kwetu iliwahi kuwapo mashua ya namna hiyo, yaani inayopita nchi kavu kisha ikatiwa majini ikatweka tanga? Tulirudi nyumbani tukatafuta, na jibu ni kwamba ilikuwapo, ila hapakuwa na gari. Gari lilikuwa mabega ya watu, na wengi wao walikuwa watu wa Pwani wanaosema lugha hii tunayoisoma sasa.

Kwanza tufahamu kwa nini mashua ilibidi ibebwe. Mtoto yeyote wa Kamembe anaujua mto wetu. Unatoka Ziwa Kivu, ambalo liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na unashuka hadi Tanganyika, iliyo karibu mita 770. Yaani maji yanaporomoka takriban mita 700 katika mwendo wa kilomita zaidi kidogo ya 100. Ndiyo maana mabwawa ya umeme yamejengwa hapo Mururu. Hakuna chombo kinachoweza kuteremka njia hiyo kwa maji. Atakaye kupeleka mashua kutoka ziwa moja hadi jingine, aibebe. Na sehemu kubwa ya nchi zetu za maziwa ni hivyo hivyo.

Wageni waliokuja kutafuta chanzo cha Mto Nile walilijua hilo. Burton na Speke waliposafiri mwaka 1857 walikuwa na mashua ya chuma ya vipande, lakini wapagazi hawakutosha, wakaiacha. Matokeo yake, mwaka 1858 walifika Uvira kwa mitumbwi ya kukodi, na hawakuweza kuufikia mlango wa Rusizi ingawa ulikuwa karibu. Walichopata ni maneno ya wenyeji tu kwamba mto unaingia ziwani wala hautoki.

Miaka 13 baadaye, mwezi wa Novemba 1871, Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi wa Mwarabu mmoja wa mji huo, Said bin Majid, wakapanda kaskazini hadi kwenye mlango wa Rusizi. Waliingia ndani ya mkondo wenyewe wakaona maji yanakuja, hayaendi. Hapo ndipo chifu Ruhinga alipowaambia kwamba mto huo unatoka karibu na ziwa liitwalo Kivo. Tunapenda kuwaambia wanafunzi: jina la ziwa lenu liliingia katika kitabu cha Stanley kwa kinywa cha Ruhinga, kabla ya Mzungu yeyote kuliona. Wa kwanza kuliona alikuwa von Götzen, mwaka 1894.

Sasa tuje kwenye mashua yenyewe. Stanley aliporudi Afrika mwaka 1874 hakutaka kutegemea mitumbwi ya kuazima. Aliagiza mashua kwa James Messenger, mjenzi wa Teddington, Uingereza, kando ya mto Thames. Ilikuwa na urefu wa futi 40, upana wa futi 6, ya mbao nyepesi, na iligawanyika vipande vitano vya kuunganishwa kwa skrubu. Akaipa jina la Lady Alice, jina la msichana wa Marekani aliyemchumbia. (Msichana huyo hakumngoja, akaolewa na mwingine. Hayo si ya leo.)

Ilipofika Zanzibar, vipande vilikuwa vizito mno, zaidi ya kilo 120 kila kimoja. Mpagazi wa njia za bara alizoea mzigo wa kilo 30 hivi. Ikabidi fundi aviharibu na kuvitengeneza upya viwe vidogo zaidi. Mwenye kununua mashua ya kuvutwa na gari leo anakutana na jambo hilo hilo: anapima chombo kwa uzuri wake majini, anasahau kwamba nusu ya maisha yake kitakuwa nchi kavu, na ni lazima pawepo nguvu ya kukibeba.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, watu 356. Tarehe 27 Februari 1875 wakafika Kageyi, kusini mwa Ziwa Victoria. Hebu tafakari: mbao za mashua zimekaa juani na mvuani zaidi ya siku 100, zimegonga miti na mawe. Chombo cha vipande udhaifu wake uko kwenye maungio. Maungio yakilegea, maji yanaingia ngamani polepole, na tanga likishika upepo mashua inajipinda na tundu linapanuka. Kwa hiyo chombo kilichotoka safari ya nchi kavu hakitwekwi tanga siku ya kwanza. Kwanza kinaunganishwa, kinatiwa kalafati, kinashushwa majini karibu na ufuko, kinatazamwa. Kisha husimamishwa mlingoti, hufungwa kamba zake, hupimwa demani na joshi, na usukani huzungushwa kulia na kushoto kabla ya mtu kuuhitaji.

Kisha Stanley akauliza nani ataingia naye ziwani. Kimya. Hakuna aliyejitokeza. Stanley anaandika kana kwamba lilikuwa jambo la kuchekesha, lakini sisi hatuoni kichekesho. Watu wale walikuwa wameona bahari. Mtu aliyeona bahari akisimama mbele ya maji asiyoyajua, katika mashua ya vipande, akanyamaza, huyo anafikiri. Mwishowe Wadi Safeni, aliyepewa ukuu wa mashua, ndiye aliyechagua mabaharia. Miongoni mwao alikuwamo kijana aitwaye Uledi. Tulishike jina hilo.

Tarehe 8 Machi wakaondoka, mashua moja na watu wasiozidi 12. Wakalizunguka Ziwa Victoria lote, wakarudi Kageyi tarehe 5 Mei 1875. Ndipo ilipothibitika kuwa ni ziwa moja kubwa, si maziwa kadhaa kama wengine walivyodai. Lakini hawakurudi kwa urahisi. Kwenye kisiwa cha Bumbire, tarehe 28 Aprili, wenyeji waliwanyang'anya makasia yote. Walipofanikiwa kusukuma mashua majini wakawa hawana cha kupigia, wakang'oa mbao za sakafuni wakazifanya makasia. Usiku upepo mkali ukawasukasuka hadi wakaangukia kisiwa kisicho na watu. Mashua ya tanga isiyo na kasia ni mateka wa upepo. Ukikosekana unakaa, ukizidi unachukuliwa.

Hatuwezi kupita hapo bila kusema neno. Mwezi wa Agosti mwaka huo Stanley alirudi Bumbire akawapiga risasi wenyeji ufukweni kutoka ndani ya mitumbwi, wakauawa wengi. Hata Uingereza alilaumiwa. Tunaposimulia ustadi wa mabaharia hatumsafishi bwana wao.

Mwaka uliofuata Lady Alice ilikuwa Ujiji. Kuanzia tarehe 11 Juni hadi 31 Julai 1876, siku 51, ilisafiri Tanganyika pamoja na mtumbwi mmoja wa kuazima. Kisha ikafunguliwa tena vipande, ikapelekwa magharibi hadi mto Kongo. Katika misitu ya huko vipande vilinasa kwenye miti hata ikabidi watu watangulie na mashoka kuvifungulia njia.

Sasa tukae kidogo na Uledi. Kufikia wakati huo yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa mashua. Stanley, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, ameandika kwamba Uledi aliokoa watu 13 wasizame. Siku moja Uledi alikamatwa na shanga alizoiba, na njaa ilikuwa kali, kwa kuwa shanga ndizo zilizokuwa fedha ya kununulia chakula. Ilipotakiwa apigwe, mdogo wake Shumari na mwenzake Saywa wakajitolea wapigwe wao badala yake. Akasamehewa. Hatusemi wizi ni jambo dogo. Tunasema watu waliokaa naye majini walijua wanamdai nini na wanadaiwa nini.

Tarehe 3 Juni 1877 ndiyo siku tunayotaka vijana wetu waijue. Msafara ulikuwa kwenye maporomoko ya Kongo. Mwenzake Stanley, Frank Pocock, kijana Mwingereza, alikuwa na vidonda miguuni hata hawezi kutembea. Stanley alikuwa ametangulia kwa nchi kavu. Pocock hakutaka kusubiri kubebwa, akaingia katika mtumbwi ulioongozwa na Uledi. Walipokaribia maporomoko ya Massassa, Uledi alisimamisha chombo, akashuka kwenda kuyatazama maji kwa macho yake. Akarudi akasema haiwezekani kupita. Hakusema ni hatari kidogo, alisema haiwezekani. Pocock akawakejeli kwamba wanaogopa maji.

Uledi akakubali. Mtumbwi ukaingia, ukamezwa. Walikuwa watu 11, wakaokoka 8. Pocock, aliyekuwa mwogeleaji hodari, alikuwa miongoni mwa watatu waliokufa.

Tumeisoma habari hiyo mara nyingi, na swali letu halimhusu Pocock. Kijana mgonjwa mwenye haraka tunamwelewa. Swali letu ni juu ya Uledi. Alikuwa na elimu yote iliyohitajika, akaitoa kwa maneno ya wazi, kisha neno moja la dharau likamshinda. Aliyeweza kushindana na mto hakuweza kuvumilia kuitwa mwoga.

Lady Alice yenyewe iliachwa juu ya miamba karibu na maporomoko ya Isangila, tarehe 31 Julai 1877, siku chache kabla msafara haujafika Boma. Mashua iliyobebwa kutoka bahari moja karibu kufikia ya pili ikaozea hapo. Mabaharia walirudishwa Zanzibar mwezi wa Novemba kwa meli, na majina yao yako katika kitabu cha mtu mwingine. Waliitwa Waungwana, na Kiswahili cha ng'ambo ya mto wetu, Bukavu na kuendelea, kwa muda mrefu kiliitwa Kingwana kutokana na watu kama hao. Basi wanafunzi wanaposema hawana historia ya mashua, tunawaambia wasikilize lugha wanayoisema.

Lipo la mwisho, na tunaliandika kwa haya. Mwaka jana tulipanga kuwavusha wanafunzi 18 kwenda kisiwa cha Nkombo. Ilikuwa mwezi wa Oktoba. Chakula kilikwisha pikwa, wazazi wameleta watoto tangu alfajiri, na jaketi za kuokolea tulizoahidiwa zilikuja 11 tu. Mwenye mashua, mzee ambaye amevua sambaza tangu utotoni, alitazama milima ya upande wa Kongo, akatazama maji, akasema leo hapana. Maji yalikuwa yametulia kama mafuta kwenye sahani. Mmoja wetu akamwambia, mbele ya watoto, kwamba amezeeka na sasa anaogopa hata dimbwi. Tulicheka. Na sisi tulioandika haya tulikuwa miongoni mwa waliocheka.

Mzee hakujibu. Aliinama akafungua kamba, tukadhani amekubali. Kumbe alikuwa anaivuta mashua juu zaidi ya mchanga. Aliifunga kwenye mti mafundo mawili, akachukua kasia lake begani, akapanda kilima kwenda kwake.

Upepo ulikuja kabla ya adhuhuri.