Panya Wanono wa Maine na Watoto wa Mulago: Historia ya Homoni Itokayo kwenye Mafuta

Kiangazi cha mwaka 1949, katika Maabara ya Jackson iliyoko Bar Harbor, mji mdogo wa jimbo la Maine nchini Marekani, walionekana panya wasio wa kawaida. Walikula bila kushiba, walijongea kwa uzito, hawakuzaa, na walipokomaa uzito wao ulikaribia mara tatu ya uzito wa ndugu zao. Mwaka uliofuata Ingalls, Dickie na Snell waliandika habari zao na kuonyesha kwamba unono ule ulikuwa wa kurithi: panya alinenepa hivyo pale tu alipopokea jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia. Jeni hiyo ikapewa jina fupi, ob.

Kwa kawaida historia ya homoni za mafuta huanzia hapo, na husimuliwa kama historia ya unene. Mimi nimeisoma nikiwa Rubavu, mahali ambapo neno igwingira, yaani kudumaa kwa watoto, husikika kwenye vituo vya afya na kwenye mikutano ya mtaa mara nyingi kuliko neno unene. Pengine ndiyo maana nilijikuta nauliza swali jingine: homoni hii, tangu mwanzo, ilikuwa ikiupelekea mwili habari za shibe au habari za njaa? Jibu langu ni njaa. Tena naona kwamba sehemu ya ushahidi ilikuwa karibu nasi, Kampala, ila iliandikwa katika daftari jingine ambalo watu wa panya hawakulifungua.

Tuanze na daftari la panya. Mwaka 1966 maabara ileile ilitangaza panya wengine wanono, ambao hawa walikuwa na kisukari kikali. Jeni yao iliitwa db. Mwanakemia wa viumbe kutoka Kanada, Douglas Coleman, alitaka kujua kama katika damu yao kulikuwa na kitu kinachosafiri. Njia aliyotumia inatisha kidogo kuisoma: aliwaunganisha panya wawili kwa upasuaji, ubavu kwa ubavu, mpaka damu yao ikawa inachangamana. Alidhani panya wa db angempa mwenzake kisukari. Haikuwa hivyo. Panya wa kawaida aliyeunganishwa na mwenzake wa db aliacha kula, akakonda, akafa kwa njaa, huku yule mnono akiendelea kula kama kwamba hakuna kilichotokea. Alipomuunganisha ob na wa kawaida, ob alipunguza kula na hakuongezeka uzito kama kabla. Kisha akawaunganisha ob na db wenyewe kwa wenyewe: ob akafa njaa, db akabaki vilevile.

Inafaa kutulia hapa, maana hoja yote imejengwa juu ya majaribio haya matatu. Ikiwa db anaweza kumshibisha mwenzake mpaka kufa, basi damu yake imejaa ujumbe wa shibe, ila yeye mwenyewe hausikii. Ikiwa ob anaitikia ujumbe wa mwenzake, basi masikio anayo, kinachokosekana ni ujumbe. Mmoja ni bubu, mwingine ni kiziwi. Coleman alichapisha hitimisho hilo mwaka 1973 bila kukijua kitu chenyewe ni nini. Wengi hawakumwamini kwa miaka mingi, kwa kuwa unene ulihesabiwa kuwa tatizo la tabia, ulafi tu, na mafuta yalihesabiwa kuwa ghala lisilo na kauli.

Daftari la pili ni la Mulago. Huko Kampala, tangu enzi za ukoloni, madaktari walikuwa wakishughulika na unyafuzi, ugonjwa ambao sisi kwa Kinyarwanda tunauita bwaki. Hugh Trowell, Davies na Dean waliandika juu yake kitabu kizima mwaka 1954. (Trowell huyohuyo, uzeeni, alihariri pamoja na Denis Burkitt kitabu kuhusu magonjwa ya nchi tajiri, ukiwemo unene, kilichotoka mwaka 1981. Sijui mfano mzuri kuliko huo wa daktari aliyeona pande zote mbili za sahani.) Baadaye kundi la Roger Whitehead lilichukua damu ya watoto wa Uganda waliokuwa wakielekea kwenye unyafuzi, likapima insulini, kotizoli na homoni ya ukuaji, ili kuona mwili unavyojipanga chakula kinapopungua. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1973. Ni mwaka uleule wa Coleman! Homoni ya mafuta hawakuipima, maana hakuna aliyejua kuwa ipo. Wakati huo utawala wa Idi Amin ulikuwa umeshaanza, na kazi ya Waingereza hao ikahamia Gambia.

Kisha ikaja Desemba 1994. Sisi Wanyarwanda hatuwezi kuusoma mwaka huo kama tarehe ya kawaida. Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipotangaza katika jarida la Nature kwamba wameipata jeni ya ob, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yamekomeshwa miezi mitano tu kabla, na ng'ambo ya mpaka wetu, Goma, kambi zilikuwa zimefurika watu. Sitaki kulazimisha uhusiano usiokuwepo. Nautaja mwaka kwa sababu ndivyo unavyosomeka kutoka hapa nilipo.

Jeni hiyo ilikuwa na maagizo ya kutengeneza protini ndani ya seli za mafuta, ambayo humwagwa kwenye damu na kufika ubongoni. Kwa hiyo ghala lina kauli. Friedman aliiita protini hiyo leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Mwaka 1995 panya wa ob walidungwa leptini wakakonda, na kampuni ya Amgen ilitoa dola milioni 20 ili iwe na haki ya kuitumia. Jina na fedha vilikwenda upande mmoja: dawa ya kukondesha. Lakini watu wanene walipopimwa, ilionekana kwamba wengi wao wana leptini tele. Wanafanana na db kuliko ob. Majaribio ya kuwadunga, yaliyotangazwa mwaka 1999, yaliwapunguzia uzito kidogo tu kwa wastani. Waliofaidika kwelikweli ni watu wachache mno waliozaliwa bila leptini kabisa, wa kwanza wakiwa watoto wawili wa ukoo mmoja walioelezwa na watafiti wa Cambridge mwaka 1997.

Kwangu mimi mwaka muhimu zaidi ni 1996. Huko Boston, Rexford Ahima, mzaliwa wa Ghana, akiwa na Jeffrey Flier na wengine, aliwanyima panya chakula kwa siku mbili. Leptini yao ikaporomoka kabla mafuta yenyewe hayajaisha. Pamoja nayo ikashuka homoni ya dundumio, uzazi ukachelewa, na homoni za dhiki zikapanda: mwili ulikuwa unazima taa ili kubana matumizi. Panya walionyimwa chakula lakini wakadungwa leptini hawakubadilika sana, kana kwamba mwili haukuarifiwa kuwa kuna njaa. Maana yake ni kwamba leptini inaposhuka ndipo inaposema jambo kubwa, na inapopanda husema kidogo. Miaka miwili baadaye watafiti wa London walionyesha kwamba panya wenye njaa hudhoofika kinga ya mwili, na leptini huirudisha. Mimi ningekuwa mtoa majina, nisingeichagua Kigiriki cha wembamba. Panya wa ob alikuwa mnono kwa sababu mwili wake uliamini daima kwamba unakufa njaa.

Kuna homoni nyingine ya mafuta, adiponektini, iliyogunduliwa mwaka 1995 na Philipp Scherer katika seli za mafuta za panya. Hii ina kinyume chake: mtu anavyonenepa ndivyo inavyopungua. Mwaka 2007 kundi la Scherer liliwatengeneza panya wa ob wenye adiponektini nyingi, wakanenepa kupita hata ob wa kawaida, lakini sukari yao ya damu ikawa nzuri. Mafuta yaliyohifadhiwa mahali pake hayakuwadhuru kama yale yanayofurika kwenye ini. Nalileta jambo hili kwa sababu linatuonya tusipime afya kwa macho, kama tulivyozoea tunapomsifu mtu kwa kitambi au kumcheka kwa wembamba.

Na Mulago? Mwaka 2014 watafiti wa Uganda na wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha uchunguzi wa watoto 77 wenye utapiamlo mkali waliolazwa katika kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, jina la Kiganda lenye maana ya mtoto mwenye afya. Safari hii leptini ilipimwa. Kati ya vipimo vya damu walivyovifanya, kiwango cha chini cha leptini ndicho kilichohusiana zaidi na kifo cha mtoto. Daftari mbili zilikutana baada ya miaka 41, katika hospitali ileile. Molekuli iliyotafutwa kwa ajili ya watu walioshiba kupita kiasi ilikuwa inaonyesha ni mtoto yupi amebakiwa na akiba kidogo mno ya kupambana na maradhi.

Rwanda, uchunguzi wa afya ya jamii wa mwaka 2019 hadi 2020 ulikuta asilimia 33 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Upande wa pili wa Ziwa Kivu, kusini, iko hospitali ya Lwiro, ambako watafiti wa Kongo waliwatafuta watu waliotibiwa utapiamlo mkali wakiwa watoto kati ya 1988 na 2007. Walipopimwa ukubwani, watu hao walikuwa na uwezekano mkubwa kuliko majirani zao wa kuwa na mafuta ya tumboni na kasoro za umetaboli zinazoandamana nayo. Baadhi yao ni wa rika la wajomba na shangazi zetu wadogo. Wale wa mwisho ni wa rika letu.